Nilimshika binti wa watu misuko ndani ya maji, sasa naona haya kurudi

Shangazi, salaam.

Mimi ni mama wa watoto wanne, miaka 43, naishi Entebbe. Kiswahili changu kisikushangaze. Nimezaliwa kwenye kota za polisi Nsambya, Kampala, baba alikuwa askari aliyetoka Arua, na pale tulikuwa tunagombana kwa Kiswahili kabla hatujajua vizuri lugha za mama zetu.

Kazi yangu ni mukene, dagaa wa Ziwa Victoria. Kila mwezi nashuka mwalo wa Kasenyi, napanda boti ya mbao kwenda visiwani, nanunua magunia, narudi nayo, nayapeleka soko la Owino, Kampala. Utaniuliza kwa nini sipandi meli. MV Kalangala inatoka Nakiwogo na kuishia kisiwa cha Bugala, na wavuvi wangu wako visiwa vingine ambako haifiki. Miaka 11 nimefanya safari hizo na kuogelea sijui hata kidogo. Nahodha wetu pia hajui, aliniambia mwenyewe huku anacheka.

Desemba iliyopita injini ilizima tukiwa katikati. Tulikuwa watu 19 na mizigo. Upepo ukaigeuza boti ubavu, mawimbi yakawa yanaingia, kijana mmoja anachota maji kwa jerikeni iliyokatwa na kuyamwaga nje. Jaketi la kuokolea nililopewa lilikuwa limekatika kamba, likanikaa shingoni kama kola. Dakika 40, kisha injini ikakubali. Nilipofika nyumbani nikasema, mwaka huu najifunza kuogelea.

Nikajiandikisha darasa la watu wazima kwenye hoteli moja hapa mjini, Jumamosi saa 2 asubuhi. Nililipia masomo 10 kwa mpigo. Siku ya kwanza tu moyo ukanywea. Tulikuwa wanafunzi wanane na kochi mmoja. Wenzangu wote ni vijana wa maofisini, wana miwani yao, kofia zao, miili yao imekaza. Bwana mmoja alishatutangazia kwamba yeye alianza kuogelea Mombasa na amekuja "kunyoosha staili" tu. Mimi nguo yangu niliipata kwenye mivumba, yaani mitumba. Kavu ilinikaa vizuri. Ilipolowa lastiki ikalegea, nyuma kukawa kunaning'inia kama nepi ya mtoto. Kila tukitoka majini nilikuwa nashika nyuma kwa mkono mmoja na ngazi kwa mkono mwingine. Kochi ni kijana wa miaka ishirini na kidogo, ananiita Mama, kwa heshima, lakini ubao wa kuelea alionipa ulikuwa wa watoto, una picha ya bata.

Jumamosi ya tatu alituambia tushike ukingo, tusogee mpaka upande wa kina, tuachie, tupige miguu hadi kwenye kamba. Wenzangu wakaenda. Nilipoachia, nikainua kichwa kutafuta hewa, miguu ikashuka, nikaitafuta sakafu kwa kidole gumba, nikaikosa. Hapo sikumbuki vizuri. Kilichokuwa karibu ni kichwa cha binti mmoja. Nilikishika, kofia yake ikachomoka, nikakamata misuko yake, nikamzamisha. Kochi aliruka na saa yake mkononi na fulana yake mwilini, akatutenganisha. Binti alikohoa mpaka macho yakawa mekundu. Kofia yake ilibaki kwenye ngumi yangu, sikuweza kuifungua. Kukawa kimya. Kisha bwana wa Mombasa akasema, "Mama alitaka kumgeuza boti," na watu wakacheka.

Nimekosa Jumamosi mbili sasa. Nyumbani naaga, napanda boda, nakwenda kukaa kwa rafiki yangu mwenye duka, naloanisha taulo kwenye bomba lake, narudi. Ndiyo, Shangazi, nimefikia hapo. Mume wangu tangu mwanzo alisema, "Ziwa halina kochi." Wifi yangu yeye anasema mama mzima kuvua nguo mbele ya vijana ni aibu ya ukoo. Binti yangu mkubwa, yuko chuo, ndiye pekee anayeniuliza kila wiki nimefika wapi, na yeye ndiye ninayemdanganya zaidi.

Yule binti niliyemzamisha alinitumia sauti kwenye WhatsApp jioni ile ile. Ina dakika 1 na sekunde 40. Sijaifungua mpaka leo. Ni matusi? Ni bili ya hospitali? Sijui.

Je, niache? Nitafute mwalimu wa peke yangu? Au nikubali kwamba kuna mambo yana umri wake, na wangu umepita?

Mwenye Mukene, Entebbe

*

Mwanangu Mwenye Mukene,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Dakika 40 za ziwa, injini imezima na maji yanaingia, umezieleza kwa mistari michache, bila kulalamika, kama mtu anayetaja nauli. Sekunde chache za bwawa umezieleza kama mtu anayeungama. Hapo ndipo niliposimama.

Nikikuelewa vizuri, unabeba hofu mbili na umezifunga kwenye gunia moja. Ya kwanza ni ya maji. Hiyo ina sababu, na mtu yeyote anayeishi kando ya ziwa hili anaijua. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe MV Templar ilizama upande wa Mukono, watu zaidi ya 30 wakafa, na wengi hawakuwa wamevaa majaketi. Wewe umeikalia hofu hiyo miaka 11, ukaamka siku moja ukaenda kujiandikisha. Hofu ya pili ni ya macho ya watu, na ndiyo iliyokutoa bwawani. Maji ya Desemba hayakukuzuia kupanda boti tena Januari, sivyo? Sentensi moja ya bwana wa Mombasa imekuweka nje wiki mbili.

Hofu ya macho siidharau. Ina uzito wake, hasa kwa mama aliyezoea kuheshimiwa mwaloni, anayejua bei, anayebishana na wanaume na kushinda, kisha akajikuta amepewa ubao wenye bata. Lakini kuna mambo umeyachukua kama yalivyo, na ningependa tuyageuze kidogo tuone upande wa pili.

Umeandika "nilimzamisha" kama mtu aliyefanya kosa. Nilimuuliza mwalimu mmoja wa kuogelea ninayemfahamu, bila kukutaja. Aliniambia mtu anayeanza kuzama hachagui. Mikono inasukuma maji chini kama anayetafuta ngazi, kichwa kinarudi nyuma, mdomo unatafuta hewa, na chochote kilicho karibu kitashikwa, awe ndugu, awe mgeni. Mara nyingi hapigi hata kelele, maana hewa aliyonayo ni ya kupumua, haitoshi kuita. Kwa hiyo ule mkono uliokamata misuko haukuwa wa mama asiye na adabu, ulikuwa wa mwili unaotaka kuishi. Binti alipata taabu, hilo ni kweli na linahitaji neno. Je, linahitaji pia wiki mbili za kujificha dukani?

Kisha nikamuuliza swali lililokuwa linaniwasha: mtu asiyejua kuelea anapelekwa vipi upande ambao nyayo hazigusi, somo la tatu? Alinyamaza kidogo. Akasema yeye, kabla ya kupiga miguu kokote, humfundisha mtu mzima kitu kimoja: kusimama. Unalala juu ya maji, kina cha kifuani tu. Ukitaka kusimama unavuta magoti kifuani, unasukuma maji chini kwa viganja viwili, kichwa kinainuka, ndipo unashusha nyayo. Mara 20, mara 30, mpaka mwili uamini kwamba sakafu ipo na inapatikana. Akasema pia kwamba wanaoanza hubana pumzi, kifua kinajaa, wanahisi kukosa hewa na kumbe wamekosa kuitoa, kwa hiyo huwafanya watoe mapovu majini kama watoto. Na kichwa kikiinuka, miguu lazima ishuke. Mwili majini ni kama ubao wa mizani, huwezi kuinua ncha moja bila kushusha nyingine. Ukirudia barua yako utaona umeeleza jambo hilo hilo, na kidole gumba chako kikitafuta sakafu. Nani alikufundisha kusimama, mwanangu? Kama yupo, nisamehe. Kama hayupo, basi sehemu ya aibu uliyoibeba peke yako pengine ina wenyewe wengine.

Kochi simhukumu, sikuwepo. Wanafunzi wanane kwa mwalimu mmoja ni wengi, na aliruka bila hata kuvua saa. Kijana wa namna hiyo huenda naye halali vizuri Ijumaa usiku. Umewahi kujiuliza kama anaona haya kukupigia simu?

Yuko muogeleaji mmoja wa Guinea ya Ikweta, Eric Moussambani, ambaye watu hupenda kumsimulia wanaoanza. Mwaka 2000 kwenye Olimpiki ya Sydney aliogelea mita 100 peke yake, maana wenzake wawili waliondolewa kwa kuruka kabla ya ishara. Alitumia dakika 1 na sekunde 52.72, na kuelekea mwisho karibu asimame, umati wote ukawa unampigia kelele za kumsukuma. Huisimulia kama hadithi ya ushujaa, na mimi sibishi. Lakini kinachonikaa mimi ni kwamba alikuwa amefanyia mazoezi kwenye bwawa dogo la hoteli, na hakuwahi kuona bwawa la mita 50 kabla ya kufika kule. Dunia nzima ilitazama jinsi anavyopiga mikono. Wachache waliuliza nani alimleta pale akiwa hivyo. Nimeikumbuka kwa sababu yako.

Sasa kicheko. Umenisimulia kwamba kulikuwa kimya, kisha mmoja akatia neno, watu wakacheka. Huenda walikucheka. Huenda pia walikuwa wametishika, na kicheko ndicho kilichotoka kwanza, kama kinavyotoka msibani mtu akiteleza. Sina njia ya kujua, wala wewe huna, maana uliondoka. Bwana wa Mombasa simtetei. Ila mtu anayejua kuogelea kweli huwa hana haja ya kuwatangazia wenzake siku ya kwanza, na mtu wa namna hiyo kwenye darasa la wanaoanza, mimi ningemtazama miguu kabla ya kumsikiliza mdomo.

Na ile siku ya kwanza uliposhuka mwalo kununua mukene, ilikuwaje? Nadhani ulinunua angalau gunia moja lenye mchanga nusu. Nadhani yupo aliyekucheka. Leo unatia mkono ndani, unasugua vidole, unajua imeanikwa juu ya wavu au chini. Uliupata vipi ujuzi huo, na ulikuwa unatazamwa na nani?

Tuje kwenye njia zilizopo, nami nitakuambia ninavyoziona na pale panaponitia wasiwasi.

Kurudi darasa lile lile ndiyo njia ya bei nafuu, maana masomo saba bado ni yako. Lakini kurudi kimya kimya, ukajipachika mwisho wa mstari na kuomba Mungu, naona kama kurudi kwenye boti ile na jaketi lile lile lisilo na kamba. Ukirudi, pengine ni baada ya kuzungumza na kochi pembeni, siku nyingine, umevaa nguo zako za kawaida. Mwambie unataka nini: kina cha kifuani mpaka utakapojua kusimama na kulala chali. Majibu yake yatakufundisha mengi kuhusu yeye. Akicheka au akiharakisha, umejua. Akisema "pole, Mama, nilikosea," umejua pia.

Mwalimu wa peke yako atakupa utulivu na macho machache. Gharama inapanda, na kuna jambo jingine: mtu akijifunza mahali ambapo hapana mtu, siku atakayokuwa na watu hofu ile inaweza kuwa bado inamsubiri palepale. Wengine huanza hivyo masomo matatu, manne, kisha hurudi kundini. Wengine hubaki hivyo na wanaogelea vizuri tu. Kama kuna bwawa lenye saa za wanawake karibu nawe, au mwalimu wa kike, uliza. Hapo hata wifi yako atapungukiwa maneno, ingawa wifi huwa hapungukiwi.

Usije ukafikiria kujifunzia ziwani kwa wavuvi wako ili ukwepe macho. Najua ni watu wema. Lakini maji ya kando kando yenye majani ndiyo makazi ya konokono wa kichocho, na mtu asiyejua kuogelea, kama nahodha wako, hawezi kukutoa ukishaanza kumshika kichwa. Umeshaona hilo linavyokuwa.

Kuacha nako ni njia, na sitakuita mwoga. Swali langu ni unaacha nini. Ukiacha bwawa huku unaendelea kupanda boti Kasenyi, umeacha kipi?

Hapa niseme neno juu ya mumeo. "Ziwa halina kochi." Ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo usiitupe. Anayevuka bwawa la hoteli akiwa na nguo nyepesi, maji yametulia, ukingo uko hapo, si salama katikati ya ziwa lenye mawimbi, amevaa gomesi, lile gauni refu la heshima, na viatu. Kuogelea hakutakutoa kisiwani mpaka Entebbe. Kinachoweza kukupa ni kidogo na kikubwa: kulala chali na kupumua, kutomkamata jirani, kuacha jaketi lifanye kazi yake mpaka watu wafike. Nusu nyingine aliyoikosa ni kwamba ziwa kweli halina kochi, ndiyo maana bwawa lina kochi. Na hili nalisema kwa sauti: iwe utarudi darasani au hutarudi, nunua jaketi la kwako mwenyewe, la kipimo chako, lenye mikanda mizima na kufuli zinazobana, uende nalo kila safari. La boti waachie wasio na lao. Kwenye hilo sina mjadala, mengine yote utaamua mwenyewe.

Umesema binti yako mkubwa ndiye unayemdanganya zaidi. Nadhani ni kwa sababu yeye ndiye anayeamini. Mtoto wa chuo anayeuliza kila wiki mama yake amefika wapi, huyo hatafuti habari za mafanikio. Ungemwambia nini kama yeye ndiye angekuwa analoanisha taulo kwenye bomba la duka? Anaweza hata kuja akakaa ukingoni Jumamosi moja. Au hutaki akuone, na hilo pia ni lako kuamua. Ila taulo lile linakuchosha kuliko kuogelea kwenyewe.

Kuhusu sauti ya dakika 1 na sekunde 40. Mimi ni mtu mzima, nimepokea matusi mengi kwa simu, na kwa uzoefu wangu matusi huwa mafupi. Mtu mwenye hasira hutumia sekunde 15, tena anarudia. Dakika nzima na ushee, jioni ile ile, inaweza kuwa ni mtu anayekuuliza hali. Inaweza pia kuwa ni mtu anayekuambia alivyoumia, na kama ni hivyo utasema pole, na kofia yake utamrudishia au utamnunulia nyingine. Si lazima uisikilize peke yako. Keti na rafiki yako wa duka, mwenye bomba.

Nguo ya mivumba usiitupe kwanza. Mpelekee fundi aijaze lastiki mpya miguuni na kiunoni, mpira ukikaa kwenye maduka muda mrefu hufa, ndiyo maana ilikudanganya ikiwa kavu. Ukiweza, nunua ya kubana yenye mikono na miguu mirefu, wanawake wengi huvaa hizo siku hizi na hakuna anayeuliza. Mkono mmoja ukiacha kushika nyuma, utakuwa na miwili ya kuogelea.

Mwisho ni hesabu tu, na hii wewe unaijua kuliko mimi. Mukene huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wako hupumzika na wewe huna safari. Tazama kalenda, uone Jumamosi ipi inaangukia mwezi mpevu. Kama utataka kumuona kochi, au mwalimu mwingine, au kukaa tu ukingoni na miguu majini bila kuingia, siku hiyo hutakuwa na kisingizio cha magunia. Ukinyamaza nitaelewa, ukiandika nitafurahi, hata kama ni kuniambia ile sauti ilikuwa ya nini.

Shangazi